Mpaka Baridi Iishe

Nimeuza makoti ya mitumba sokoni Gikomba, Nairobi, miaka mingi kiasi kwamba watu wa mtaa wetu hunihesabu kuwa mtaalamu wa theluji. Mtu akipata safari ya ng'ambo, hata kama anaenda jangwani, ataletwa kwangu na ukoo mzima, mashangazi wakiwa mbele, nimpime mabega na kumweleza baridi ya huko aendako ikoje. Nami humweleza. Sijawahi kukosa jibu. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa la jioni, na Jiografia niliifaulu mpaka mwalimu akanitilia shaka. Changanya cheti hicho na makoti yaliyopita mikononi mwangu, ambayo yangeivisha Nairobi yote na kubakisha ya kupeleka Machakos, na utakubali kwamba nilikuwa na haki ya kuongea.

Kilichopungua ni kitu kimoja tu: baridi yenyewe nilikuwa sijaiona. Niliyoijua ni ya Julai, hii yetu ya Makadara. Ukungu asubuhi, jua limegoma, watoto wanaenda shule wamevaa soksi mikononi, na mama yangu anakunja taulo kuukuu na kuziba nafasi ya chini ya mlango kana kwamba nje kuna nyoka. Wiki chache tu, kisha inakwisha, tunavua masweta na kusahau kwamba tuliwahi kulalamika.

Dada yangu mdogo ndiye aliyetangulia kuiona ile ya kweli. Aliolewa na kijana mmoja aliyekulia Baba Dogo, wazazi wake watu wa Makueni, dereva mwenye mikono mitulivu. Wakahamia mji mmoja wa bandari huko juu kabisa ya dunia, mahali ambapo ramani inakaribia kuisha. Shemeji akapata kazi ya kuendesha basi. Na mwaka juzi, majani ya miti ya huko yalipokuwa yakianguka, dada akajifungua mtoto wa kike.

Mwanzoni alitupigia simu ya video kila siku, tukamwona mtoto akipiga miayo, akipiga chafya, akilala. Baadaye simu ikaanza kuonyesha dari. Sauti yake tuliisikia, ndogo, imechoka, lakini kwenye kioo ni dari tu, nyeupe, yenye ufa mdogo karibu na taa. Mama, ambaye humwita dada yangu "maitu", yaani mama yangu, kwa kuwa amebeba jina la nyanya yetu, alikuwa akiinamisha kichwa kama mtu anayechungulia chini ya meza.

"Maitu, geuza simu nikuone."

"Netiwaki ni mbaya, Mum."

"Netiwaki mbaya na dari naiona vizuri hivyo?"

Hapo mtoto alianza kulia. Kisha simu ikakatika.

Halafu shemeji akanipigia pembeni, akiwa kwenye basi lake lililoegeshwa mwisho wa safari. "Bro, njoo," aliniambia. "Hajavuka mlango tangu atoke hospitali. Hali chakula, au akila ni chai na mkate. Analia akidhani nimelala. Nesi anayemtembelea nyumbani amesema anahitaji kutoka nje kila siku, apate hewa, aone watu. Mimi nikisema, ananiuliza nimezaa mara ngapi."

Kwa desturi angeenda mama. Kwetu aliyejifungua hupelekewa njahi, yale maharagwe meusi, na uji wa wimbi na wanawake, wakiimba, na mwanamume hupita kando akatafute shughuli nyingine. Lakini magoti ya mama yalikuwa yamefika mahali ambapo hata kwenda chooni alipanga safari. Kikundi chake cha kanisa kiliketi, kikajadili, na kikaamua niende mimi. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama hakucheka sana. Alinifungia njahi kwenye mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko mwingine, akasema, "Dari nimeiona inatosha. Mimi nataka uso."

Basi nikajiandaa. Katika biashara yetu, mtumba ukifunguliwa, nguo bora ya kwanza huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Nilijichagulia kamera ya makamera: jaketi lililojazwa manyoya ya bata, nene, linalofika magotini, ukilivaa unaonekana kama umemeza godoro. Jiografia ilikuwa imenifundisha kwamba miji ya pwani huko haigandi sana, kwa kuwa bahari huihifadhia joto; swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nililipata lote. Lakini kichwa kilichofanya mtihani na kichwa kinachouza makoti ni vichwa viwili, na havijawahi kusalimiana.

Shemeji alikuja kunipokea uwanja wa ndege amevaa kijikoti chembamba kama mfuko wa maziwa. Nikamhurumia. Nikajisemea, masikini, kumbe maisha ya ng'ambo ni magumu hivi.

Tukatoka nje. Mvua ya Nairobi hushuka kwa hasira, ikamaliza yake, ikaenda zake. Ile ya huko haiendi mahali. Inatembea nawe barabarani, inakusubiri ukiingia dukani, inaingia shingoni, inaingia mfukoni kutafuta chenji. Upepo wa baharini huichukua na kuirusha kwa ubavu, na naapa kuna kona moja ilininyeshea kutoka chini kwenda juu. Jaketi langu likaanza kunywa. Lilikunywa kama ngamia. Kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani kwao ni mwendo mfupi, lakini niliondoka kituoni nikiwa nimevaa jaketi, nikafika mlangoni nikiwa nimebeba ng'ombe. Na harufu! Manyoya yote yalikuwa yamekumbuka yalikotoka. Shemeji, mfuko wake wa maziwa ukichuruzika maji, alikuwa mkavu kama biskuti.

Mlango ulipofunguliwa, dada yangu alisimama pale amevaa sweta juu ya sweta, akanusa.

"Nani amechinja kuku?"

Nikafungua mikono. "Niaje, siste!"

"Kumbe ni wewe," alisema. "Vua hiyo kitu hapo nje." Kisha akarudi chumbani.

Hapo ndipo nilipoogopa. Dada yangu ninayemjua mimi angenicheka mpaka jirani wa ghorofa ya juu agonge sakafu. Angelipiga picha jaketi lile na kulituma kwa kila mtu kuanzia Makadara mpaka kwa binamu zetu wasiokuwa na simu. Huyu alikuwa na sauti yake, maneno yake hata, ila ni kama mtu alikuwa amepunguza taa ndani.

Nyumba ilikuwa ya moto, moto wa kuivisha ndizi. Mapazia yamefungwa. Hita inavuma. Mtoto alikuwa amevikwa tabaka nyingi kama kabichi, kofia mbili, pua tu ndiyo iliyokuwa ikishuhudia mambo ya dunia. Na chini ya mlango wa chumba palikuwa na taulo, limekunjwa vizuri, limesukumwa mpaka likajaa nafasi yote. Nilisimama nikalitazama. Mikono ya mama yangu kabisa, na mama yuko Makadara.

Nikaanza kazi niliyotumwa. Nilichemsha njahi mpaka king'ora cha moshi kikalia na jirani mmoja mzee akaja kuuliza, kwa adabu nyingi, kama tunaungua. Nilipika uji ukashikamana na mwiko. Dada alikula kidogo, akakaa, akala kidogo tena, na siku ya tatu aliniambia uji wangu ni simenti, jambo ambalo nililipokea kwa furaha kubwa. Lakini nikitaja mlango, uso wake unajifunga.

Na nje kwenyewe, kusema kweli, hakukuwa kunaita mtu. Jua la mji ule wakati huo lilikuwa likija kazini limechelewa na kuondoka mapema, kama mtu ambaye mjomba wake ndiye meneja. Unakunywa chai ya asubuhi gizani, unafua soksi mbili, unageuka, giza limerudi. Theluji niliyoihubiri Gikomba miaka yote haikuja hata siku moja. Ilinikwepa kama mtu ninayemdai. Ilikuwa ni mvua, na kijivu, na mvua tena. Ukikaa ndani katika hali hiyo, wiki hazina mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Hata mimi, mtu wa makelele, nilijikuta siku moja nimekaa kwenye kochi nikitazama ukuta bila sababu.

Siku hiyo nilimwuliza wazi.

"Twende tu hapo kona. Dakika mbili. Tukiona mbwa, tunarudi."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Brathe, kuna baridi."

"Lakini baridi iko kila siku."

"Si ndiyo hiyo." Alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakuinua macho. "Mum alisema nisitoke na mtoto mpaka baridi iishe."

"Alisema lini?"

"Ile siku nilitoka hospitali. Aliniambia niweke taulo kwa mlango, nivae soksi, na nisitoke mpaka baridi iishe."

Nikainuka kwenye kochi. "Na hapa inaisha lini?"

Akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa bei. "Wengine wanasema Aprili. Wengine Mei."

Krismasi ilikuwa bado haijafika.

Nilitaka kucheka, na nadhani ningecheka, ila niliuona uso wake. Alikuwa akijua. Alijua vizuri kabisa kwamba Julai ya Makadara si majira ya baridi ya pale. Yeye si mjinga, shuleni alinishinda masomo yote isipokuwa Jiografia.

"Waliniwekea huyu kwa mkono huu," alisema, akiinamisha kidevu kumwonyesha mtoto, "na sikujua chochote. Nesi anaongea haraka. Kitabu walinipea kimejaa picha. Shem wako anatoka kukiwa giza, anarudi kukiwa giza. Kitu moja tu nilikuwa naelewa ni vile Mum alisema. Nikafanya hivyo. Nikiwa nafanya hivyo naskia ni kama ako hapa." Akamhamishia mtoto upande wa pili. "Sasa nitoke, mtoto akohoe, nimwambie Mum nini?"

Mimi, mtaalamu wa theluji, nilienda jikoni. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kisha nikavaa kijikoti cha mfuko wa maziwa cha shemeji, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa sare ya kazini, nikatoka.

Nilitembea nikishikilia kofia. Na barabara ile, niwaambie, ilikuwa imejaa watoto. Nilikuwa nimepita hapo kila siku nikienda kununua maziwa na sikuwahi kutazama vizuri. Akina mama wanasukuma vigari vya watoto kwenye mvua ile ya ubavu, wameinamisha vichwa, wanaongea, wengine wanacheka kana kwamba ni Jumapili baada ya kanisa. Juu ya kila kigari kuna shuka la nailoni linalopitisha mwanga, na chini ya nailoni kuna mtoto amelala fofofo, mashavu mekundu, hana habari.

Nikampigia mama kwa video. Akatokea akiwa jikoni kwake, sufuria nyuma yake inachemka. Nikageuza simu.

"Hiyo ni nini inasukumwa?" akauliza.

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui, Mum. Mtoto wa watu."

"Na wamemfunga kwa karatasi kama sukuma wiki ya supamaketi?"

"Ndiyo. Na amelala."

"Mama yake ako wapi?"

"Si ndiye huyo anasukuma."

Mama akasogea karibu na kioo mpaka nikabaki naona jicho moja. "Haki hawa watu," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejifunza.

Hapo nikamwambia. Nikamwambia juu ya taulo, juu ya pazia, juu ya Aprili. Nilimwambia polepole, kwa kuwa nilijua ninachomfanyia. Mama alirudi nyuma, nikamwona mzima, mkono mmoja umeshika mwiko. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga na hakukigusa.

"Mimi nilimaanisha hii yetu," alisema mwishowe. "Wiki mbili, tatu."

"Najua, Mum."

"Na yeye akakaa?"

"Amekaa."

Alijipangusa uso kwa pindo la leso. Upepo ulikuwa ukinipigia kelele masikioni, na nikadhani ataniambia sasa: enda umwambie atoke, mama amesema. Nilikuwa hata nimegeuka kurudi. Akasema, "Usimwambie nimekosea. Akisikia hivyo, ataona hiyo miezi yote amekaa bure, peke yake, kwa ajili yangu. Wacha. Nitapiga mwenyewe."

Alipiga kesho yake, asubuhi ya Makadara ikiwa imeshachakaa na ya huko tulikokuwa ndiyo inaanza kupambazuka. Dada aliipokea, akailaza simu mezani kama kawaida. Dari.

"Maitu, ni kweli kuna bahari hapo?"

"Iko, Mum."

"Mbali?"

"Hapana. Kama kutoka kwetu mpaka kotini." Alimaanisha mahakama ya Makadara, ambayo ukitoka kwetu unafika kabla hujamaliza njugu.

"Mimi sijawahi kuona bahari," mama akasema. Na ni kweli, ingawa sikuwa nimewahi kulifikiria. "Kanisa lilienda Mombasa, goti likanikataza. Umri wote huu. Nataka kuiona."

"Brathe atakuonyesha, ako hapa."

"Huyo? Jana alinitingisha na hiyo simu mpaka nikaskia kizunguzungu. Nionyeshe wewe."

Dada akanitazama. Mimi nikawa nakagua kucha zangu. "Mum, kuna baridi nje. Si ulisema mpaka iishe?"

"Nilisema. Sasa imekataa kuisha, nami nangojea nini, nife? Mfunike mtoto kichwa, wewe uvae sweta. Nangoja. Na simu sikati."

Na kweli hakukata. Kigari cha mtoto kilikuwa nyuma ya mlango, ndani ya boksi lake, tangu shemeji akinunue. Nililifungua nikakiunga kwa ujuzi wangu wote, magurudumu yakatazama juu. Kutoka mezani sauti ya mama iliendelea kutuhimiza, "Mmepotea wapi? Kwani mnaenda kuijenga hiyo bahari?" Dada alinipokonya, akakikunjua kwa miondoko miwili, akakifunika nailoni, akaivuta kila upande mara tatu kuhakikisha. Kutafuta viatu vyake kulichukua muda mrefu kuliko safari yangu ya ndege. Alipovipata, alikaa kwenye kiti ameshika kimoja mkononi, na nilidhani imeishia hapo.

"Maitu?" mama akaita.

"Nakuja, Mum."

Kwenye mlango wa chini wa jengo alisimama, mkono ukutani. Mvua ilikuwa ikipita mbele yetu kuelekea kushoto. Niliuma ulimi. Sijawahi kunyamaza vile tangu nizaliwe. Mkunga mwenyewe angeshangaa. Kisha dada akavuta kofia ya jaketi lake, akasukuma.

Bahari ya huko si ile ya kalenda. Ilikuwa rangi ya sufuria kuukuu, inajirusha kwenye mawe, inarudi, inajirusha tena, na mvua inanyesha juu yake bila huruma. Dada aliinua simu kwa mikono miwili.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" mama akauliza. "Mbona imekasirika?"

"Msimu huu iko hivyo."

"Na mvua inanyesha ndani yake?"

"Ndiyo, Mum."

"Maji yote hayo, na bado yanaongezwa. Na sisi Makadara hatujaona tone kwa mfereji tangu Jumanne. Uliza hapo ni nani anagawa, ana shida gani na sisi!"

Dada yangu akacheka. Si sana. Kilikuwa kicheko kilichokwaruza, kama kilango ambacho hakijafunguliwa siku nyingi, na katikati yake akaanza kulia, na mvua ikampangusa, na akaendelea kufanya vyote viwili kwa pamoja akiwa ameigeuza simu bila kujua, mama akimtazama. Mama alimwuliza kama soksi za mtoto ni za sufu.

"Ni za sufu, Mum."

"Na amelala?"

Akainama kuangalia chini ya nailoni. "Amelala fofofo. Huyu hana habari."

Waliongea hivyo kwa muda mrefu, mambo ya maziwa, ya tumbo la mtoto, ya jirani wa Makadara aliyenunua mbuzi na kumfungia bafuni. Mimi nilikuwa naganda polepole kuanzia miguuni. Mama alipokata, dada akaitia simu mfukoni, akashika kigari, akaanza kutembea. Alikuwa anakwenda upande usio wetu.

"Siste, nyumba si iko huku?"

"Najua nyumba iko wapi," alisema bila kugeuka. "Kuna mahali hapo mbele wanauza mkate wa mdalasini. Mimi nakaa hapa, wewe ni mgeni. Nifuate."